Ini lenye mafuta na mawe ya nyongo: kwa nini usipunguze uzito kwa haraka

Swali: Mimi ni mwanamke wa miaka 43. Kipimo cha ultrasaundi, nilichofanyiwa kwa sababu nyingine kabisa, kimeonyesha kwamba ini langu lina mafuta na kwamba kifuko cha nyongo kina mawe mawili madogo, ingawa sijawahi kupata maumivu. Nilikuwa na kilo 90. Tangu siku ile nimeacha mafuta yote, siku nyingi nakula mara moja tu jioni, na katika wiki mbili nimepungua kilo 5. Ndugu yangu ananishauri nisafishe ini na nyongo kwa kunywa mafuta ya zeituni, maji ya limau na chumvi ya magnesiamu, kisha niendelee na vidonge vya binzari manjano. Je, njia hizi za asili zitanisaidia? Na ni vyakula gani hasa vinavyolifaa ini?

Jibu: Dada mpendwa, nashukuru kwamba umeuliza kabla ya kunywa mchanganyiko huo. Nitaeleza kwa nini uuepuke, lakini niseme mapema kwamba katika yote uliyoyaandika, lililonitia wasiwasi zaidi ni zile kilo 5 ulizopungua katika wiki mbili. Kupunguza uzito ndiyo tiba bora ya ini lenye mafuta kwa mtu wa uzito wako, na hakuna mmea wala chakula kimoja kinachoikaribia kwa nguvu. Hata hivyo, ukipungua kwa kasi hiyo, huku umeacha mafuta kabisa na unakula mara moja kwa siku, unalisaidia ini na papo hapo unakiweka kifuko cha nyongo katika hali inayozalisha mawe mapya. Viungo hivi viwili hufanya kazi pamoja, na mpango wowote utakaoufuata hauna budi kuvifaa vyote viwili.

Ini la mtu mzima lina uzito wa takribani kilo moja na nusu, nalo limekaa upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Damu inayotoka kwenye tumbo na utumbo hupita humo kwanza kabla ya kurudi kwenye moyo, ndiyo maana karibu kila unachokula, unachokunywa au unachomeza kama dawa hukutana na ini mapema. Kila siku ini hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo, majimaji yenye rangi ya kijani na manjano ambayo ndani yake mna asidi za nyongo, kolesteroli, lesithini ambayo ni aina ya mafuta, pamoja na bilirubini inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Sehemu ya nyongo hiyo huhifadhiwa kwenye kifuko kidogo kilicho chini ya ini, ambacho hubeba mililita 30 hadi 50 tu, na humo maji yake hufyonzwa hadi nyongo inakuwa nzito. Unapokula chakula chenye mafuta, sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba hutoa homoni iitwayo kolesistokinini, ambayo hukifanya kifuko kijikaze na kuimwaga nyongo ili mafuta yapate kumeng'enywa.

Mawe mengi ya nyongo hutokana na kolesteroli. Kolesteroli haiyeyuki katika maji, kwa hiyo ndani ya nyongo hubebwa na asidi za nyongo na lesithini, na ikizidi uwezo wa vibebaji hivyo hujitenga na kuwa chembe ngumu, kama chumvi inavyobaki chini ya sufuria maji yanapokauka. Mtu anayepungua upesi huvunja mafuta mengi yaliyohifadhiwa mwilini, na sehemu ya kolesteroli inayotoka humo hupitishwa na ini kwenda kwenye nyongo. Wakati huohuo, kwa kuwa halishi utumbo wake mafuta yoyote na anakaa na njaa kwa muda mrefu, kifuko chake hakipati msukumo wa kujikaza, nyongo inatuama humo kwa saa nyingi, na chembe zilizoanza kujitenga zinapata nafasi ya kushikana. Ndiyo sababu madaktari huhesabu kupungua kwa zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki kuwa ni hatari kwa kifuko cha nyongo, nawe umekuwa ukipungua kilo mbili na nusu. Kwa mwanamke hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu homoni ya estrojeni huongeza kolesteroli katika nyongo. Ujauzito, umri wa kuanzia miaka 40, unene, kisukari na historia ya mawe katika familia huongeza pia.

Kwa hiyo nakuomba ubadilishe mambo mawili kuanzia leo. Kwanza, rudi kwenye milo mitatu midogo yenye ratiba, ukianza na kiamshakinywa, ili kifuko kisikae zaidi ya usiku mmoja bila kufanya kazi. Pili, rudisha mafuta kwa kiasi. Takribani gramu 10 za mafuta katika mlo mmoja wa siku, yaani kama vijiko viwili vya chai vya mafuta ya mimea yaliyo majimaji, hutosha kukifanya kifuko kijikamue vizuri, nayo hayataharibu juhudi zako za kupunguza uzito. Ushauri huu unamfaa mtu kama wewe ambaye mawe yake yapo kimya. Aliyekwisha kupata maumivu makali baada ya kula vyakula vya mafuta huelekezwa apunguze mafuta zaidi hadi atakapotibiwa, naye apate maelekezo hayo kwa daktari wake.

Kuhusu uzito wenyewe, hesabu yake inatia moyo. Kwa mtu mwenye ini lenye mafuta, kupungua kwa asilimia 5 ya uzito kwa kawaida hupunguza mafuta yaliyomo kwenye ini. Kupungua kwa asilimia 7 hadi 10 hutuliza uvimbe wa chembe za ini. Na kwa wanaofikia asilimia 10 au zaidi, hata makovu yaliyoanza kujengeka huweza kurudi nyuma. Kwako wewe uliyekuwa na kilo 90, asilimia 10 ni kilo 9, yaani hutakiwi kuwa mwembamba ili ini lako lipone. Jua pia kwamba kilo zile 5 za mwanzo si mafuta yote. Sehemu yake kubwa ni maji na akiba ya wanga, na kiasi fulani kitarudi utakapoanza kula vizuri. Usivunjike moyo mizani itakapoonyesha hivyo. Lenga kupungua nusu kilo kwa wiki, au kilo moja kwa wingi, ukitazamia kufika kilo 81 baada ya miezi minne au mitano, kisha ubaki hapo, kwa maana kupungua na kunenepa tena mara kwa mara kunachangia pia kutokea kwa mawe.

Sasa nije kwenye ule mchanganyiko wa mafuta ya zeituni na limau. Watu wanaoutumia hawasemi uongo wanapoeleza kwamba siku ya pili walitoa vijiwe laini vya kijani katika choo. Wanaviona kweli, na wengi wao huamini kwa moyo safi kwamba wamepona. Lakini vijiwe hivyo vimekwisha kupimwa. Mwaka 2005, jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha taarifa ya madaktari wa New Zealand kuhusu mwanamke wa miaka 40 aliyekunywa mililita 600 za mafuta ya zeituni pamoja na maji ya limau, akatoa vijiwe vingi vya namna hiyo na kuvileta hospitalini. Vilipochunguzwa havikuwa na kolesteroli, bilirubini wala kalisi, ambavyo ndivyo vinavyounda mawe ya nyongo, na vilipopashwa joto la nyuzi 40 viliyeyuka na kuwa majimaji ya kijani yenye mafuta. Vilikuwa vipande vya sabuni iliyotengenezwa tumboni mwake mwenyewe: vimeng'enya vilivunja mafuta aliyokunywa, asidi za mafuta zikaungana na potasiamu iliyotoka kwenye limau, na nyongo ikavipa rangi. Mawe yake halisi yalibaki palepale kwenye kifuko na hatimaye yalitolewa kwa upasuaji.

Ingekuwa ni kupoteza muda tu, nisingekuzuia kwa ukali. Tatizo ni kwamba mafuta mengi kiasi hicho hukifanya kifuko kijikaze kwa nguvu, na mawe madogo kama yako ndiyo yenye uwezo wa kusukumwa hadi kwenye mrija wa nyongo. Jiwe likikwama humo linaweza kuzuia nyongo na kuleta umanjano, au likaleta uvimbe wa kongosho, ugonjwa ambao humlaza mtu hospitalini na mara nyingine huhatarisha maisha. Chumvi ya magnesiamu nayo huharisha sana, na kwa mwenye figo dhaifu ni hatari zaidi. Tafadhali usinywe.

Neno «kusafisha» lenyewe hutuelekeza pasipofaa, kwa sababu hutufanya tuwaze kwamba sumu hurundikana kwenye ini zikisubiri kuoshwa. Ini halihifadhi uchafu kwa namna hiyo. Hubadilisha amonia kuwa urea, hubadilisha dawa na kemikali ziweze kutoka kwa mkojo au kwa nyongo, na hufanya hivyo saa zote bila kuhitaji kinywaji maalumu. Kinachorundikana kwenye ini lako ni mafuta, na hayo huondoka kwa kutumiwa na mwili kama nishati.

Yanatoka wapi? Wengi hudhani yametokana na vyakula vya mafuta peke yake, ndiyo maana hatua yako ya kwanza ilikuwa kuyaacha, na nakuelewa. Sehemu kubwa ya mafuta hayo hufika kwenye ini kutoka kwenye akiba ya mafuta ya mwili, hasa kwa mtu ambaye insulini yake haifanyi kazi ipasavyo, na sehemu nyingine ini huyatengeneza lenyewe kutokana na sukari na wanga uliokobolewa unaozidi mahitaji. Sukari ya kawaida ina nusu mbili, glukosi na fruktosi. Glukosi hutumiwa na misuli, ubongo na viungo vingine, lakini fruktosi nyingi hushughulikiwa na ini, ambako ikizidi hugeuzwa kuwa mafuta. Kopo moja la soda la mililita 330 huwa na takribani gramu 35 za sukari, zinazofika kwenye ini kwa mkupuo. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja cha kuondoa kabla ya vingine vyote, nitakujibu bila kusita kwamba ni vinywaji vilivyotiwa sukari, pamoja na juisi za matunda, hata zile zilizokamuliwa nyumbani bila kuongezwa chochote. Tunda zima ni jambo tofauti, kwa kuwa nyuzinyuzi zake hupunguza kasi ya sukari kuingia mwilini na humshibisha mtu kabla hajala mengi, hivyo endelea kula matunda kwa kiasi.

Katika sahani yako, mboga zichukue nusu, vyakula vya protini robo, na wanga robo. Wanga huo uwe wa nafaka zisizokobolewa kila inapowezekana. Kwa protini, maharage, dengu na jamii nzima ya kunde vina faida ya ziada, kwa maana nyuzinyuzi zake hunasa sehemu ya asidi za nyongo katika utumbo na kuzitoa kwa choo. Ini basi hulazimika kutumia kolesteroli kutengeneza nyingine, na kolesteroli katika damu hupungua. Samaki, mayai, kuku na maziwa yasiyotiwa sukari havina shida. Nyama nyekundu ipungue, na nyama zilizosindikwa kama soseji ziwe za nadra. Mafuta ya kupikia yawe ya mimea yaliyo majimaji, yakiwemo hayohayo ya zeituni ambayo nimekukataza kuyanywa kwa glasi, kwani kijiko juu ya mboga na nusu lita tumboni ni mambo mawili tofauti kabisa. Kiganja cha karanga au korosho zisizo na chumvi nyingi kinafaa kwa siku. Tafiti za muda mrefu zimeona kwamba wanaokula jamii ya karanga mara kwa mara hupata ugonjwa wa mawe ya nyongo kwa nadra zaidi. Ila karanga au nafaka iliyoota ukungu itupwe yote, hata kama sehemu iliyoharibika ni ndogo, kwa sababu ukungu huweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo ni miongoni mwa vyanzo vya saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini ya B.

Pombe, kama unatumia, ni bora uiache kabisa kwa sasa. Ini lenye mafuta huumia kwa kiasi ambacho ini lenye afya lingekivumilia.

Kahawa huwashangaza wagonjwa wangu. Tafiti nyingi zilizofuatilia watu kwa miaka zimeona kwamba wanywaji wa kahawa hupata makovu ya ini na saratani ya ini kwa kiwango kidogo kuliko wasiokunywa, na faida huonekana zaidi kwa vikombe viwili au vitatu kwa siku. Iwe bila sukari, ama sivyo unarudisha kwa mkono mmoja ulichoondoa kwa mwingine. Kahawa pia hukichochea kifuko cha nyongo kijikaze, kwa hiyo mwenye mawe yanayouma anaweza kuona inamletea maumivu na akalazimika kuiacha. Kama huipendi, inakunyima usingizi au inakupandishia mapigo ya moyo, usijilazimishe, maji yanatosha. Maji ya limau nayo ni kinywaji kizuri kisicho na sukari, na hiyo ndiyo faida yake yote kwa ini.

Mazoezi yana nafasi yake ambayo chakula hakiwezi kuijaza. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari na mafuta kutoka kwenye damu na kuifanya insulini iitikiwe vizuri zaidi, kiasi kwamba mafuta ya ini huweza kupungua hata pale ambapo mizani haijasogea. Kiwango kinachopendekezwa ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kati, ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Dakika 30 za kutembea kwa kasi, siku 5 za wiki, zinafikisha hesabu hiyo. Ukiongeza siku mbili za mazoezi ya nguvu, kama vile kuchuchumaa na kusimama, kusukuma ukuta au kuinua vitu vizito kwa uangalifu, utailinda misuli yako isipotee pamoja na mafuta.

Vidonge vya binzari manjano sikushauri uvitumie. Binzari inayotiwa kwenye chakula ni salama, lakini vidonge huwa na dozi kubwa, mara nyingi vikichanganywa na kiini cha pilipili manga ili vifyonzwe kwa wingi, na katika nchi kadhaa madaktari wameripoti watu walioumia ini kutokana navyo. Zaidi ya hapo, binzari kwa dozi kubwa hukifanya kifuko cha nyongo kijikaze, na kwa mwenye mawe hilo huweza kuleta maumivu. Tahadhari hiyohiyo inahusu vidonge vya kiini cha chai ya kijani vinavyouzwa kwa ajili ya kupunguza uzito, unga wa mitishamba usiojulikana viungo vyake, na vitamini A kwa dozi kubwa. Silimarini, ambayo husifiwa sana kama dawa ya asili ya ini, haina madhara makubwa, lakini majaribio ya kitabibu hayajaonyesha kwa uthabiti kwamba inaliponya ini. Nako kule kwenye dawa za kawaida, parasetamoli ni salama ikitumiwa kwa kipimo, na mtu mzima asipitishe gramu 4 kwa saa 24. Kumbuka tu kwamba imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua, hivyo ni rahisi kuimeza mara mbili bila kujua.

Pamoja na hayo, kuna vipimo ambavyo haifai kuviruka. Muombe daktari akupime virusi vya homa ya ini ya B na C, kwa sababu picha ya ultrasaundi haiwezi kuvionyesha. Ikiwa huna virusi vya B wala kinga yake, upate chanjo. Na homa ya ini ya C siku hizi hutibika kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12 kwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Upimwe pia sukari, mafuta ya damu, shinikizo la damu, vimeng'enya vya ini na idadi ya chembe sahani (chembe zinazosaidia damu kuganda), ambavyo kwa pamoja na umri wako humwezesha daktari kukadiria kama ini limeanza kuwa na makovu. Vimeng'enya vikiwa vya kawaida usichukulie kwamba ini halina tatizo, kwani watu wengi wenye mafuta kwenye ini huwa navyo hivyo. Vipimo hivi virudiwe baada ya miezi sita.

Na mawe mawili? Ukweli ni kwamba hakuna chakula kinachoyayeyusha. Yapo matibabu ya vidonge vya asidi ya ursodeoksikoliki, ambavyo vinaweza kuyeyusha mawe madogo ya kolesteroli yasiyo na kalisi, lakini huchukua miezi mingi na kwa wagonjwa wengi mawe hurudi baada ya dawa kuachwa. Matumizi yake yenye maana zaidi ni kuzuia mawe mapya kwa watu wanaopungua uzito haraka, kwa mfano baada ya upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito. Mawe yaliyo kimya kwa kawaida huachwa bila kuguswa, kwa kuwa wengi wenye mawe ya namna hiyo huishi miaka mingi bila kuumwa. Yakianza kuuma, tiba ya kudumu ni kukiondoa kifuko chote kwa upasuaji wa matundu madogo, na mtu huishi vizuri bila hicho kifuko, kwa sababu nyongo huendelea kutoka kwenye ini na kutiririka moja kwa moja kwenye utumbo.

Maumivu ya mawe ya nyongo yana namna yake: huja juu ya tumbo, katikati au upande wa kulia, mara nyingi saa moja au zaidi baada ya kula au usiku, hukaza bila kupoa kwa nusu saa hadi saa kadhaa, na huweza kupanda hadi kwenye bega la kulia au kati ya mabega. Yakikutokea yakapoa yenyewe, panga kumwona daktari wiki hiyohiyo. Lakini yakiendelea kwa zaidi ya muda wa saa tano, au yakiambatana na homa na kutetemeka, kutapika kusikokoma, macho kuwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai kavu au choo cheupe, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.